Kamba ya Kwenda Angani

"Mkono wangu ndiyo dunia," alisema Mwanahalima, akifunga ndoo ya maji kwenye ncha ya kamba. "Hii ndoo ni mzigo mzito ulioko huko juu kabisa. Dunia ikizunguka, kamba inakazika yenyewe. Vitu vinaipanda taratibu kama siafu mpaka angani. Roketi ya nini?"

Sokoni Tukuyu watu wakaangua kicheko. Habari hiyo aliisikia jana yake kwenye redio ya mumewe, Husseni: wataalamu wanawaza kupeleka mizigo angani kwa kamba, ila hawajapata uzi wa kuhimili. Mwanahalima alifurahi kama aliyetajwa jina. Kumbe hata wakubwa wa dunia wanatafuta kamba!

Yeye alisokota katani tangu utotoni, kazi ambayo baba yake alitoka nayo Tanga. Lakini tangu biashara iachiwe huru, maduka ya mtaa wa Makandana yalijaa kamba za manila za rangi, nyepesi na rahisi. Alikwisha kumwambia Husseni kwamba wiki hiyo ikipita bila mteja, ataacha kamba auze mitumba.

"Hiyo itakatika, mama," alisema mzee Nsajigwa wa Ikuti, aliyekuja kutafuta kamba ya fahali wake. Tayari alikuwa ameshika manila ya bluu.

"Sogea uone, baba."

Akaizungusha ndoo. Ikapanda juu ya kichwa chake, ikashuka, ikapanda tena, na maji hayakumwagika hata tone. Kamba ikanyooka, ikavuma. Akaongeza kasi, khanga ikamdondoka begani.

Pa! Ndoo ikachomoka, ikamwagia Nsajigwa maji yote, ikapaa juu ya paa la fundi cherehani na kutokomea migombani.

Mwanahalima akainamisha kichwa. Hakutaka kuangalia.

Nsajigwa, akichuruzika maji, akaiokota ncha ya kamba. Fundo lilikuwa palepale, limeung'ang'ania mshikio wa ndoo.

"Mwe!" akapaza sauti. "Kilichokatika ni ndoo! Kamba ni nzima!"

"Na ndoo imeondoka bila roketi, mama Rukia!" Husseni akamtania mkewe kutoka katikati ya watu, na soko likalipuka kwa vicheko.

Nsajigwa akairudisha manila dukani. "Nisokotee ndefu, mama. Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa.

Alasiri ukungu ulishuka. Mwanahalima alisokota kibarazani huku Nsajigwa akishika ncha ya pili na kurudi kinyumenyume barabarani, kamba ikizidi kurefuka. Ukungu ukameza miguu yake, kisha kofia. Sasa kamba ilitokea kwenye weupe mtupu, imenyooka. Ikavutwa kidogo kutoka huko. Mwanahalima akacheka, naye akaivuta.