Diski Isiyozunguka

Jumanne saa nne asubuhi mwalimu mstaafu alivua viatu mlangoni, akanywa nusu glasi ya maji ya vuguvugu, akaketi mbele ya maikrofoni kusoma sura ya tatu ya kitabu cha jiografia. Kitabu kilikuwa cha shule ya wasioona. Wanafunzi wangekisikiliza hadi siku ya mtihani.

Fundi Kimya, mwenye studio hii ya nyumbani, alitundika kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango, upande wa nje, akafunga. Kitambaa kikiwa pale, nyumba nzima ilijua la kufanya. Mkewe aliepua sufuria kabla maji hayajaanza kuchemka, akachomoa waya wa friji, akavua bangili zake mbili na kuzifukia kwenye bakuli la unga ili zisigongane. Kisha alisimama kwenye korido akiwa na soksi miguuni, akangoja.

Mtaa ulimwita Mama Soksi. Siku nyingine alifika nazo mpaka sokoni, akakumbuka viatu anapochagua nyanya. Zamani alikuwa fundi cherehani, lakini cherehani ilitikisa sakafu, kwa hiyo mwaka wa pili wa studio aliigawa akahamia kushona kwa mkono. Binti yao, ambaye sasa alisoma chuo katika mji mwingine, alijifunza kulia bila sauti akiwa na miezi saba. Mdomo ulifunguka, machozi yakatiririka, na maikrofoni haikunasa kitu. Daktari alimpima, akasema mtoto ana afya njema na wazazi wana bahati.

Alhamisi msimamizi wa shule alipiga simu.

"Fundi, kazi safi. Ila wanafunzi wanauliza yule mdudu ni nani."

"Mdudu yupi?"

"Aliyemo sura ya kwanza mpaka ya tatu. Ananguruma chini ya maneno ya mwalimu. Wengine wameshaanza kumpenda, lakini kwenye mtihani hayumo. Mtoe, la sivyo kazi tumpe mtu mwingine."

Fundi alivaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza kama asiyeona. Mdudu alikuwepo. Alimfuata kwa sikio chumba kizima, akipita magodoro makuukuu aliyoyapigilia ukutani, akipita pazia la blanketi, mpaka chini ya meza. Ilikuwa diski ya akiba. Ndani yake sahani ilizunguka mchana kutwa, ikinakili kila sauti iliyoingia kwenye kompyuta. Kuizima hakuthubutu. Miaka minane nyuma kompyuta yake ilikufa ghafla na kuzikwa na nyimbo kumi na nne za kwaya moja, na mpaka leo wanakwaya wale wakimwona huvuka barabara.

Aliifunga diski kwa matambara ndani ya droo, ikapata joto kama mgonjwa. Aliiweka kwenye korido kwa waya mrefu, mlango ukakataa kufunga. Aliitia kabatini, kabati zima likaanza kunguruma kwa sauti nene zaidi. Ijumaa asubuhi alikwenda dukani.

Muuza kompyuta alimpangia vitu vitatu juu ya kioo cha meza.

"Hili ni sanduku la diski nne. Moja ikifa, tatu zinabaki zinalea watoto. Lakini lina feni, na feni ni feni, hainong'oni. Hii ya pili ni ndugu ya ile uliyonayo, wameivisha mpira tu ili isitetemeshe meza. Na hii ya tatu haizunguki kabisa. Ndani hamna sahani wala sindano. Ni chembe tupu, kama za kwenye simu yako. Hebu iweke sikioni."

Fundi aliiweka sikioni. Hakusikia diski. Halafu hakusikia duka, wala pikipiki zilizokuwa zikipita nje. Alipoishusha, barabara ikarudi.

"Naichukua."

"Usiwe na pupa, mzee. Hii ni kimya kupita kiasi. Ile yako ya zamani ilikuwa inajisikiliza yenyewe siku nzima. Hii haina cha kujisikiliza. Itasikiliza nyumba."

"Nyumba yangu haina kelele."

"Ndiyo maana nakwambia," alisema muuza kompyuta, akaanza kuifunga kwenye karatasi. "Na usiiamini peke yake. Nakala moja ikae nayo nyumbani, nyingine ikalale nyumba ya watu."

Siku hiyohiyo mchana mwalimu alirudia sura tatu zote. Mdudu hakuwepo. Fundi alisikiliza mara mbili, akambusu mwalimu kwenye paji la uso, jambo ambalo wote wawili hawakulizungumzia tena.

Jumatatu diski ilikuwa imejaa.

Hesabu haikukubali. Kazi zake zote za miaka ishirini na miwili zilipaswa kushika theluthi moja tu ya nafasi. Alifungua diski kwenye skrini, akakuta folda zake kama zilivyokuwa, na chini yake folda moja asiyoitengeneza, jina lake "Korido". Ndani mlikuwa na mafaili kwa tarehe. La kwanza lilikuwa la siku aliyotundika kitambaa kwa mara ya kwanza.

Alilifungua. Ilikuwa sauti ya mkewe, ya ujana kidogo.

"Chai tayari."

Basi. La pili: "Mama amepiga simu, anakusalimu." La tatu: "Suruali yako imechanika nyuma, na mgeni ameshaona." La nne lilikuwa pumzi tu. La tisa: "Nadhani nina mimba." Fundi aliitazama tarehe. Alikumbuka kuambiwa habari hiyo siku tano baadaye, mezani, wiki ambayo kwaya ilikuwa inarekodi asubuhi hadi jioni. Mbele kidogo alikuta kilio cha mtoto wa miezi saba, saa moja na dakika kumi, kilio kikubwa chenye koo zima. Alikisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa hajawahi kukisikia.

Hakushangaa. Alisikiliza kama fundi. Sauti ilikuwa safi, haina mwangwi, haina upepo, haihitaji kusuguliwa popote. Kila neno ambalo mkewe alifika nalo mlangoni, akakiona kitambaa, akalimeza, lilikuwa pale, limepangwa vizuri kuliko kazi zake mwenyewe.

Mwisho wa folda kulikuwa na nyimbo kumi na moja.

Hapo alivua hedifoni, akakaa. Walikutana kwenye kwaya, yeye kijana wa kushika nyaya, mkewe akiimba safu ya nyuma. Alisogeza maikrofoni hatua moja, kisha mbili, mpaka kiongozi wa kwaya akamuuliza kama amekuja kurekodi kwaya au kuposa. Walipooana alimwahidi kwamba chumba cha studio kikikamilika, sauti ya kwanza kurekodiwa itakuwa yake. Chumba kilipokamilika alikuja mteja wa tangazo la sabuni. Kisha mwingine.

Alivaa tena hedifoni, akafungua wimbo wa kwanza. Ubeti wake ulikuwa huu:

*Nasimama mlangoni, sufuria mkononi,*
*Neno liko ulimini, nalirudisha moyoni,*
*Kitambaa kitasani, chaniomba samahani,*
*Sikio liko kazini, nami ningali pembeni.*

Alipofika wimbo wa nne alifungua mlango. Mkewe alikuwa kwenye korido, amekalia kigoda, anashona pindo la shuka, uzi midomoni.

"Mama, hebu ingia."

"Kitambaa je?"

"Hakuna kitambaa. Ingia."

Aliingia akakaa kwenye kiti cha mwalimu, ukingoni kama mgeni. Fundi alimgeuzia skrini. Mkewe alisoma tarehe chache, akatoa uzi mdomoni.

"Kumbe zilikuwa zinakwenda mahali," alisema. "Mimi nilidhani zinaisha tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba, si ndiyo hizo? Nilikuwa nakuambia." Akatabasamu. "Umefika wa ngapi?"

"Wa nne."

"Wa nne usiuhukumu. Ubeti wa pili unachechemea, mizani moja imezidi. Niliunyoosha wiki uliyokuwa na yule mhubiri, utaukuta mzima kwenye wa tisa."

"Mhubiri yule alikuwa na kikohozi."

"Ndiyo. Nilifuata mapigo ya kikohozi chake."

Walicheka, yeye kwa sauti, mkewe kwa mabega tu, kwa mazoea. Fundi aliishika mikono yake, akaona vidole vilivyochomwa sindano miaka ishirini. Akasema Jumamosi. Jumamosi hana mteja hata mmoja. Atarekodi nyimbo zote kumi na moja, mkewe akiziimba kwa mdomo wake mwenyewe, na friji wataiacha iungurume ikitaka.

"Jumamosi hii?"

"Hii hii."

"Usije ukanifanya nikapiga mswaki bure," alisema mkewe.

Kwanza ilibidi apate nafasi. Muuza kompyuta alimsikiliza huku akimenya chungwa.

"Nilikwambia. Hizi za kimya ndivyo zilivyo. Unaweza kuifuta hiyo folda, lakini itajaa tena, tena haraka. Au nikupe lile sanduku la feni. Lenyewe halisikilizi mtu."

Fundi alilitazama sanduku la feni. Akachukua diski nyingine isiyozunguka. Nyumbani alihamishia folda yote humo, akabandika juu yake kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu nene: YA MAMA. Ile ya zamani yenye mdudu aliitia nakala ya nyimbo, na mkewe akaipeleka kwa dada yake, nyumba yenye watoto watano na tarumbeta.

"Huko itapumzika," alisema. "Hakuna atakayeisikia."

Dada mtu aliripoti siku ya pili kwamba diski inaimba kabatini, na kwamba kuna mdudu anayeitikia sauti ya chini, tena haharibu.

Jumamosi Mama Soksi aliamka bila soksi. Visigino vyake vililia sakafuni, pa, pa, pa, na Fundi akabaki kitandani anavisikiliza. Alichemsha maji mpaka kifuniko kikacheza. Alivaa bangili zote mbili na gauni la bluu ambalo maikrofoni isingeliona. Fundi alifuta vumbi kwenye kiti, akashusha maikrofoni hadi usawa wa mdomo wake. Hakuhitaji kupima. Aliujua urefu ule.

"Jaribu," alisema.

Mkewe alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Mlango uko wazi," alisema Fundi. "Hamna kitambaa."

"Najua. Subiri. Imezoea njia nyingine." Alikohoa, akajishika koo, akacheka kidogo, na safari hii kicheko kilikuwa na sauti, chembamba, kama bomba linaloanza kutoa maji baada ya mgao mrefu. Akavuta pumzi.

Hodi ilipigwa.

Alikuwa mwalimu mstaafu, viatu tayari mkononi, kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Aliwaona wote wawili, akaliona gauni, akarudi nyuma hatua moja.

"Wanangu, nisameheni sana. Mitihani imewahishwa. Sura tatu zimebaki na shule inazitaka Jumatatu. Kama kuna shughuli nitakaa hapa nje, nitangoja tu."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kinacheza. Fundi alimtazama mkewe, na mkewe aliliona jicho lile, akalifahamu kabla halijamaliza kumgeukia. Alikwishanyanyuka.

"Wale watoto hawana macho," alisema. "Wana masikio tu. Keti, mwalimu."

"Jumamosi ijayo," alisema Fundi. Alisema kwa upendo, akiwa amemshika bega, na aliamini.

"Jumamosi ijayo," alisema mkewe.

Alikwenda jikoni, akaepua sufuria, akachomoa friji, akazifukia bangili kwenye unga. Alivaa soksi. Kitambaa alikitundika mwenyewe, akakinyoosha pembe zake, akavuta mlango taratibu mpaka kitasa kikakaa bila kugonga.

Mwalimu alianza sura ya nne, inayohusu mito. Sauti yake ilitoka nzuri, haina mdudu. Fundi alikuwa amevaa hedifoni, mkono mmoja kwenye kitufe, macho yakiwa mezani ambako diski mbili zilikaa bega kwa bega. Ukurasa wa pili taa ya diski ya YA MAMA iliwaka.

Ilimetameta kwa utulivu, kijani, kwa mapigo. Fundi aliyahesabu. Nane, na nane, mizani ya ubeti. Ulikuwa wimbo wa kumi na mbili, na kwa jinsi taa ilivyokwenda bila kusita aliona ni mzuri kuliko wote waliotangulia.

Mwalimu aliinua macho kuuliza kama aendelee. Fundi alimwashiria kwa kidole: endelea. Mwalimu akafungua ukurasa polepole, akiushika kwa ncha mbili ili karatasi isisikike.

Taa ilimetameta dakika nne na nusu, kisha ikatulia. Fundi alivuta daftari, akaandika tarehe na muda huo kwa mwandiko mzuri, na mbele yake akaandika: Jumamosi ijayo. Yalikuwa maneno yaleyale yaliyojaa kurasa za nyuma za daftari hilo, mbele ya tarehe nyingine nyingi, tangu ile ya mteja wa sabuni. Mwalimu alikuwa amefika pale mto unapogawanyika.