Sala ya Kufunga Injini

Mume wangu Bichage hafungi injini bila kuiombea. Wengine hapa Migori humcheka, hasa Sammy mwenye karakana ng'ambo ya barabara, lakini wateja wanapenda. Akishapanga vipuri, kabla ya kufunika, anavua kofia, anatuamuru wote tufumbe macho, kisha anamweleza Mungu habari za chombo kile na za mwenyewe aliyekileta. Ikishasemwa amina, injini inafungwa na haifunguliwi tena. Kuifungua, kwake yeye, ni kumwambia Mungu kwamba tulikuwa tunatania.

Mimi nauza mahindi na wimbi kwenye kibanda cha pembeni, kwa hiyo nimeombea injini nyingi kuliko mke yeyote wa mchungaji. Na sala zake ni ndefu. Mara ngapi nimesimama pale wateja wangu wakiondoka mmoja mmoja, yeye bado yuko kwenye magurudumu!

Mwaka wa tisini na nne macho yake yalianza kuchoka, naye akawa mtu wa mwisho kukubali. Alikosea vifungo vya shati. Kwenye Shule ya Sabato alishika Biblia mbali na uso, kama mtu aliyepewa kushika mtoto wa jirani aliyekojoa, halafu akawalaumu wachapishaji. Nilimwambia twende Homa Bay kwa daktari wa macho. Akanijibu kwamba fundi anaona kwa vidole. Niliogopa, kwa sababu hana kazi nyingine anayoijua.

Ndipo Mzee Wangwe akashuka kutoka Kegonga na pikipiki yake juu ya pikapu. Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza, ya silinda moja, aliyoachiwa na padri mmoja zamani, akazunguka nayo Kuria yote akichanja ng'ombe mpaka akastaafu. Sasa ilivuja oili kila kiungo.

"Fundi, mimi sitakuficha," alisema. "Watu wanasema macho yako imeisha. Huyu Sammy ameniita kwake. Lakini hii injini ni wewe uliifungua mara ya kwanza, nikasema wacha nikupatie. Ikiharibika, basi nitajua ni ukweli."

Bichage alicheka. Mimi sikucheka. Mzee Wangwe akisema jambo Kegonga, jioni linajulikana Isebania. Injini ile ingekufa njiani, hakuna ambaye angemletea mume wangu hata pampu ya baiskeli.

Aliifungua yote, akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akakwangua gasketi za zamani mpaka chuma kikang'aa. Gasketi mpya za pikipiki ile hazikuwa zikipatikana dukani, kwa hiyo alizitengeneza mwenyewe kwa jalada gumu la kalenda ya mwaka uliopita. Analaza jalada juu ya mdomo wa chuma, anagonga ukingoni kwa kinyundo kidogo, taratibu, mpaka makali ya chuma yanakata karatasi yenyewe. Kazi hiyo kweli ni ya vidole na masikio. Nilisimama nikimtazama, nikamwonea fahari.

Siku ya kufunga, Mzee Wangwe alikuja, na Sammy akavuka barabara eti kuazima spana. Bichage alipaka gundi nyekundu, akalaza gasketi mahali pake, akaibonyeza ikashika. Silinda ilikuwa imebaki kushushwa tu. Akavua kofia.

"Fumbeni macho tuombe."

Mimi nilifumba, kisha nikafumbua, kwa sababu kulikuwa na kitu kilichonisumbua. Nikainama. Matundu ya bolti yote yalikuwapo. Lakini lile tundu dogo la pembeni, dogo kama punje ya mtama, halikuwapo. Karatasi ilikuwa imelifunika. Zamani, alipokuwa ananionyesha kazi kwa fahari, aliniambia oili hupanda hapo kwenda kichwani mwa injini. Ukiliziba, injini itakimbia vizuri kwa muda, halafu ijichome yenyewe.

Ningesema nini? Kusema mbele ya Wangwe na Sammy ni kumvua nguo mume wangu hadharani. Kungoja amina ni kungoja injini ife. Kwenye kilemba changu nilikuwa nimechomeka sindano ya kushonea magunia. Nikaichomoa.

Nilitoboa karatasi polepole, nikazungusha, nikavuta mabaki kwa ncha yasije yakaangukia ndani. Katika sala yake Bichage alikuwa amefika kwa ng'ombe wa Mzee Wangwe. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilimwomba Mungu sala ile iendelee. Akaombea barabara ya Kegonga, akaombea mvua, na alipofika kwa wajukuu nilikuwa nasawazisha kingo za tundu.

"Amina," tukasema.

Kila baada ya amina Bichage hupitisha kidole kuzunguka gasketi mara ya mwisho. Kidole kilizunguka, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikalipapasa lile tundu. Aligeuza uso kwangu. Sindano ilikuwa imesharudi kilembani, lakini kidole gumba changu kilikuwa chekundu kwa gundi, na kitu chekundu hata yeye alikiona.

"Silinda," akasema.

Nikampa. Akazibana ringi kwa vidole vyake, akaishusha silinda juu ya pistoni bila kukwaruza, akakaza nati kwa kupishanisha.

Kesho yake Mzee Wangwe alipiga kiki, injini ikaunguruma. Bichage akalegeza bolti ya juu kichwani na oili ikachuruzika; ilikuwa inapanda. Mzee Wangwe akapiga makofi.

"Nitawaambia hao watu! Macho iko!"

Bichage alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, ingawa ilikuwa imeshatakata.

Nilipaswa kufurahi, lakini nilikasirika. Nilitaka aseme kitu, hata anigombeze. Siku zikapita, mezani akiniomba chumvi tu, na mimi nikimpa chumvi kwa kishindo. Nilidhani nimeokoa kazi yake nikampoteza mwenyewe.

Halafu wavuvi wa Sori wakaleta injini ya mashua. Ilipofika wakati wa kuifunga nilibaki kibandani kwangu, nikijifanya nashona gunia. Nikamsikia akiniita.

"Mama Gesare, njoo. Tunaomba."

Nikaenda. Wavuvi walikuwa wamesimama kofia mkononi.

"Fumbeni macho," Bichage akawaambia. Kisha akanigeukia, mbele yao wote. "Wewe usifumbe."

Akaanza kuomba, polepole kuliko siku zote, na mimi nikainama juu ya injini.