Vidonge vya Nasirumbi

Mama mkwe wa Nasirumbi alivikuta vidonge chini ya godoro Jumapili asubuhi, akitandika kitanda kisichomhusu. Watu walipotoka kanisani pale Bulumbi, upande wa Uganda, ukoo mzima ulishasikia kwamba mke wa Oguttu anameza dawa za kupanga uzazi, na kumbe ndiyo maana miaka sita hakuna mtoto.

Alasiri wakamwita uani. Mama mkwe aliinua pakiti juu ili kila mtu aione.

"Hizi ni nini?"

"Ni dawa zangu, Mama."

"Za kuzuia watoto wa mwanangu!"

Nasirumbi alimtazama mumewe. Oguttu alikuwa akichezea kamba ya kiatu. Miezi minne nyuma walivuka mpaka pamoja, wakakaa bega kwa bega mbele ya Daktari Osinya, Busia ya Kenya, majibu ya damu yakiwa yamerudi kutoka Nairobi. Daktari aliwaeleza taratibu. Ubongo hutuma homoni ya kukuza mayai kwenye ovari. Kwa Nasirumbi homoni hiyo ilijaa tele kwenye damu, ila ovari hazikuipokea, kwa sababu jeni ya kipokezi, yaani sehemu ya seli inayoipokea homoni hiyo, ilikuwa na hitilafu aliyoirithi kwa baba na kwa mama pia. Ndiyo maana hedhi yake ilikuwa ya kubahatisha, kisha ikakatika kabisa. Vidonge vilikuwa vya kumpa homoni ambayo ovari zake hazitengenezi, mifupa isije ikadhoofika angali kijana.

Oguttu aliyasikia yote hayo. Sasa aliifungua kamba ya kiatu, akaifunga tena.

"Sizuii chochote," Nasirumbi alisema, akisimama. "Nilizaliwa hivi. Sikutoa mimba, sikurogwa, sikumkosea mtu. Na mwanao anajua, alikuwepo. Oguttu, sema."

"Ni kweli, Mama," Oguttu alisema. "Nilikuwepo."

"Basi aache hizo dawa, aombewe. Ijumaa tunafunga."

"Niombeeni, siwakatazi. Dawa siachi." Akaichukua pakiti mkononi mwa mama mkwe, akatoa kidonge cha siku ile, akakimeza palepale bila maji, wote wakimwangalia.

Kesho yake alikwenda kwao Lumino. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ndugu wa tumbo moja anaweza kuwa na hali hiyohiyo, na mdogo wake Phiona, mwenye miaka kumi na saba, hakuwahi kuona hedhi. Mama yao alikuwa akimpa mizizi ya kuchemsha na kumwambia asimwambie mtu.

"Utamtangaza mtoto!" mama alilia. "Nani atamwoa?"

"Mimi niliolewa bila mtu kujua, Mama. Umeona faida yake?"

Phiona alikuwa ameshavaa viatu.

Walipofika kwa Daktari Osinya, muuguzi aliinua kalamu. "Mgonjwa ni nani?"

"Hakuna mgonjwa," Nasirumbi alijibu. "Tumekuja kupima."

Oguttu alipiga simu mara tatu wakiwa kwenye foleni. Nasirumbi hakuipokea mpaka Phiona alipokwisha kutolewa damu.