Kadi ya Kijani Iliyokatwa Ulimi

Machale yalimcheza Verlene Guillory pale alipomwona Sherifu Arceneaux ameshika kadi ya kijani.

Katika jumba la bunge la jimbo, pale Baton Rouge, anayeunga mkono muswada hujaza kadi ya kijani, anayepinga hujaza nyekundu, kisha humkabidhi karani wa kamati. Miaka yote ambayo Verlene amezipanda ngazi zile na mabango yake, sherifu huyu hajawahi kugusa kijani kwenye jambo lolote la watoto. Leo, yeye mwenye funguo za jela ya wilaya, jela ambamo Tavarius, mjukuu wa Verlene, mtoto wa miaka kumi na sita, analala na wanaume wazima akisubiri kesi, anajipepea kwa kijani huku akicheka!

"Bi Verlene!" Seneta Desormeaux, mwenye muswada, alimjia mikono wazi. "Mama wa mapambano! Leo ndiyo leo. Watoto wanatoka jela za wakubwa, na hakuna hata mmoja anayepinga."

"Hata yule?" Verlene alimwonyesha sherifu kwa kidevu.

"Hata yeye. Moyo umemlainika."

"Moyo gani, Seneta? Kauazima wapi?"

Seneta alicheka kupita mzaha wenyewe ulivyostahili. Hilo nalo Verlene aliliweka kichwani. Mara ya mwisho walipomvisha kilemba cha ukoka namna hii, alipiga picha na wakubwa, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Baadaye ikajulikana sheria waliyoipitisha siku ile ni ya makosa madogo tu, na watoto wa mtaa wake, ambao hata kurusha jiwe huandikiwa unyang'anyi, wakabaki walipokuwa. Makofi yale yanamwasha mpaka leo.

"Kadi yako tumeshakujazia, mama," alisema Colette, msaidizi wa seneta, binti mwenye sauti ya kanisani. "Wewe kaa mbele tu, kamera zikuone."

Verlene aliisoma. Jina, lake. Anaunga mkono, sawa. Chini yake, alama kwenye kisanduku: hataki kuzungumza.

"Nani kakwambia sitaki kuzungumza?"

"Ni kuokoa muda tu. Wote tumekubaliana."

"Mara ya mwisho mimi kunyamaza nilikuwa tumboni mwa mama yangu. Hebu nisomee hicho mlichokubaliana. Kama kilivyo leo, si kama mlivyonionyesha jana."

Colette alimtazama seneta. Seneta aliitazama simu yake. Binti akasoma haraka, kama anayemeza dawa chungu: "Mtoto yeyote atakayekamatwa hatawekwa katika jela ya watu wazima..."

"Rudia hapo."

"Atakayekamatwa."

"Na jana?"

Colette alishusha sauti. "Anayeshikiliwa."

Kumbe! Watoto wa kesho wataokolewa, walio ndani leo watabaki, na sherifu, anayelipwa na jimbo kwa kila kichwa anacholaza, hapotezi hata kitanda. Neno moja limegeuzwa, na mlango umefungwa usoni mwa Tavarius.

"Sikiliza, Bi Verlene," seneta alinong'ona, tabasamu limemkauka. "Bila neno hilo sherifu anapinga, na akipinga muswada unakufa. Unataka watoto wa wenzako waozee ndani kwa ajili ya wako mmoja?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Verlene alisimama na kadi mkononi. Aliwajua hao kina mama wa kesho. Wengine bado wanawafunga watoto wao kamba za viatu. Na alimjua Tavarius, ambaye Jumapili, nyuma ya kioo, alipoulizwa jicho limefanya nini, alisema ameanguka. Mtoto yule hajawahi kujua kudanganya.

Lakini nani alimsikia sherifu akipinga? Walielewana naye pembeni, kwenye kahawa na soseji za boudin. Mbele za watu hajaulizwa na yeyote.

Verlene alimwendea karani. "Nipe nyekundu, mwanangu."

Alipoitwa mbele, mwenyekiti wa kamati alishusha miwani. "Bi Guillory? Wewe ndiye unayepinga?"

"Muswada siupingi. Nimeshika nyekundu kwa sababu kijani yangu ilikatwa ulimi kabla sijafika." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Sherifu Arceneaux yuko pale. Mwulizeni, kamera zikiwaka: mkilirudisha neno la jana, 'anayeshikiliwa', mjukuu wangu akatoka pamoja na wenzake, yeye bado ni wa kijani?"

Kamera zikageuka. Sherifu akakohoa, akasema suala hilo linahitaji kutazamwa kwa makini.

"Ndiyo au hapana?" aliuliza mjumbe mmoja, mwanamke aliyekuwa kimya asubuhi nzima. "Maana mimi naomba lirudishwe."

Sherifu aliinuka, akaenda kwa karani, akadai arudishiwe kadi yake ya kijani, kisha akanyoosha mkono kwenye rundo la nyekundu.

Seneta alijishika kichwa. Verlene aliketi taratibu. Kura bado, na Tavarius angali ndani. Ila kwa mara ya kwanza siku ile, sherifu alikuwa ameshika kitu ambacho Verlene aliweza kukiamini.