Anayetaka Uzuri Ni Nani?

Jana mchana, baada ya sahani mbili za wali maharage ambazo sitaki kuzisingizia, nilijinyoosha mkekani na ndoto ikanikuta hapo hapo. Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala nalala, nikiamka nadai chai. Hii nawasimulia kama ilivyonijia, na asiyeamini shauri yake.

Kwanza mjue nililala na nini moyoni. Wifi yangu Sauda anaolewa Jumamosi, na binti yangu Mwanaidi, mwenye miaka sita, ndiye wa kumshikia gauni. Juzi wifi akasema mbele za watu, "Wifi, mtoto umtie dawa. Hicho kipilipili sikitaki kwenye video yangu." Mwanaidi alisikia, akajifunika kichwa kwa mikono miwili. Na mimi mamake, badala ya kumtetea, nikajibu, "Sawa wifi." Nikanunua kopo la dawa ya kulainisha nywele, nikapanga kumpaka jioni.

Basi, ndotoni niko saluni. Mwanaidi amekaa kwenye kiti kirefu, taulo shingoni, miguu haifiki chini. Nafungua kopo. Kopo linakohoa.

"Shikamoo mama," linasema.

"Marahaba," najibu, maana adabu ni adabu.

"Nikuulize kabla hujanichota. Unajua kwamba siku hizi hatunyooshi kichwa kimoja? Tukianza, tunanyoosha vyote."

"Nyoosheni tu," nasema. "Mimi nina haraka."

Ulimi huu! Sijamaliza kusema, ukuta wa saluni haupo, nimesimama Mombo, chini ya milima, pale inapoanzia barabara ya kupanda Lushoto. Kona zote zimeondolewa. Barabara imenyooka kama rula na imeelekea angani, kwa sababu mlima haukushirikishwa. Abiria wamesimama chini na mizigo yao, wanaitazama. Hakuna anayegomba. Mama mmoja mwenye kikapu cha mapeasi ananiuliza kwa upole, "Dada, ni wewe uliyeruhusu?"

"Nilitaka nywele tu," namwambia.

"Aa, haya," anasema, na anaketi juu ya kikapu chake.

Kando ya barabara kuna shamba la maharage. Mashina yamenyooka, yamekataa kuzunguka miti, yamelala chini yote. Jogoo anawika sauti moja isiyopanda wala kushuka, mpaka mwenyewe anaona haya na kunyamaza. Naanza kuona vibaya.

"Mama Mwanaidi!" sauti inaniita. "Ingia."

Naingia ofisini. Nyuma ya meza limeketi chanuo kubwa la mbao, limevunjika meno matatu, likisema linapiga mluzi kidogo. Mbele yake kuna daftari lake na mhuri. Mwanaidi yuko pale pale kwenye kiti chake kirefu, na kopo limekaa mapajani mwake.

"Sheria unaijua," linasema chanuo. "Ukitaka uzuri, sharti udhurike. Sasa, anayetaka uzuri ni nani?"

"Huyu mtoto."

"Ameomba?"

"Ana miaka sita."

"Sikuuliza umri. Mwanaidi, umeomba?"

"Mimi niliomba soda," anasema Mwanaidi.

Chanuo linaandika: soda. Kisha linaniangalia. "Sheria haikusema ukitaka uzuri mwanao adhurike. Aliyetaka ni nani?"

"Wifi," nasema haraka. Jamani, woga mbaya.

Wifi Sauda anatokea kabatini amevaa shela. "Mimi nilitaka video nzuri," anasema. Video inaitwa. Inaingia, inasema haina maoni, inatoka. Wifi naye anarudi kabatini na kufunga mlango taratibu.

Nimebaki mimi.

"Niliogopa aibu," nasema.

"Aibu yenyewe iko wapi?"

Sijui kwa nini, naonyesha nyuma ya sikio la kushoto. Chanuo linapiga mhuri. "Ipakwe hapo palipo na haja."

Mwanaidi anashuka kitini. Anachota dawa kwa kidole, kiasi cha kunde moja, ananipaka nyuma ya sikio. Mwanzo ni baridi. Kisha inaanza kuwaka.

"Inachoma?" ananiuliza.

"Haichomi," najibu.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukijibu. Nilipokuwa na miaka tisa mama aliniuliza hivyo hivyo, nikasema haichomi huku machozi yananitoka, kwa sababu dada zangu wote walisema haichomi, na anayelia mapema nywele hazikolei. Siku ile nilisifiwa sana. Kisha nikalala kifudifudi wiki nzima.

"Vumilia kidogo mama," anasema Mwanaidi, ananishika mkono. "Ikolee."

Maneno hayo ni yangu. Nilikuwa nimeyaweka tayari kwa ajili yake, kwa jioni. Kuyasikia kwenye kinywa kile kidogo kuliniuma kuliko dawa, na siwafichi, nililia.

"Inachoma," nikasema. "Inachoma, Mwanaidi! Inachoma!"

"Haya," linasema chanuo. "Imesikika." Linafunga daftari. Huko nje nasikia barabara ikijikunja, kona moja baada ya nyingine, na abiria wakiinua mizigo yao.

Nikaamka. Jua la alasiri limefika mlangoni. Mwanaidi amechuchumaa pembeni yangu, ananitazama.

"Mama, ulikuwa unasema inachoma."

"Ndoto tu, mwanangu." Nikaangalia mezani. Kopo lilikuwa na karatasi yake ya fedha juu, halijafunguliwa. Na mimi kichwani nina msuko wa twende kilioni wa wiki mbili. Sijagusa dawa tangu nimzae huyu.

Nikapeleka mkono nyuma ya sikio la kushoto. Nikakuta lengelenge, bichi, kiasi cha kunde moja.

Mwanaidi aliliona. Akasogea, akalipuliza polepole kama ninavyompuliza yeye akijikwaa.

"Pole mama," akasema. "Na mimi jioni itanichoma hivi?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Hivi hivi, kichwa kizima."

Kisha nikachukua simu, nikampigia wifi.