Dirisha la Jikoni na Plagi za Gottlob

Tik.

Sauti ndogo, kama ukucha unaogonga kikombe, ilitoka kwenye jiko la chuma kungali giza. Rosine alifumba macho akiomba isirudi. Kando yake mumewe, Gottlob, alikuwa macho pia. Rosine alilijua hilo kwa jinsi alivyobana pumzi.

"Ni makaa tu," Rosine alimnong'oneza.

"Makaa hayalii hivyo, Mama Ottilie. Hiyo ni kauri."

Ndani ya jiko zilikuwa zinapoa plagi za motokaa. Majira yote ya baridi Gottlob alihangaika na kitu hichohicho: ule mwili mweupe wa kauri unaozuia umeme usitoroke kabla haujaruka kuwa cheche ndani ya injini. Injini ikipata moto, chuma kinachoikumbatia kauri hutanuka, kauri hugoma, mwisho hupasuka. Cheche hupotea na gari hufa katikati ya mlima. Alikuwa ameipunguza kiuno, akayaviringisha mabega, akaweka pete ya asbesto, nyuzi za mawe zisizoungua, katikati ya kauri na chuma. Karakana ilizima moto jioni, kwa hiyo alizileta nyumbani kukausha jikoni gundi iliyoshika kauri na chuma.

"Fundi wangu," Bwana Häberle, mwenye karakana, alikuwa amemwambia jana mbele ya wenzake, "nikitaka vigae nitakwenda kwa mfinyanzi. Kesho niletee iliyo nzima, ama usije kabisa."

Kesho yenyewe ndiyo hii iliyokuwa inakucha.

Kwa ajili hiyo dirisha la jikoni halikufunguliwa juma zima. Stuttgart kila alfajiri, hata theluji ikianguka, wanawake hufungua madirisha na kuning'iniza mito nje ipigwe na hewa. La Rosine peke yake lilibaki limefungwa, hata Mama Kienzle wa ghorofa ya chini akamuuliza ngazini, "Mnaatamia mayai humo, au mmekufa?" Gottlob aliogopa baridi isije ikazigusa plagi zake. Na Ottilie, mtoto wao wa miaka minne, alilala kwenye benchi karibu na jiko, akivuta moshi wa makaa ya mawe na harufu ya gundi iliyoungua. Juzi aliacha kula. Jana aliacha kusema.

Sasa alikohoa. Kikohozi kikakatika ghafla, pumzi isifuate.

Rosine alimfikia gizani akipapasa. Midomo ya mtoto ilikuwa baridi.

"Nafungua dirisha."

"Subiri, mke wangu! Kidogo tu, zipoe taratibu..."

"Basi njoo umwambie yeye asubiri."

Kitasa kilikuwa kimegandishwa na barafu. Rosine alikipiga kwa kiwiko hadi kikaachia. Baridi ya Januari ikamwagika ndani nzimanzima, ikapita juu ya benchi, ikaufikia mlango wa jiko ulioachwa wazi kidogo.

Tik. Tik, tik.

Mtoto akavuta hewa kwa mlio mbaya, akavuta tena.

Gottlob aliwasha taa. Alizitoa plagi mojamoja kwa kitambaa, na kila moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Rosine, mtoto akiwa kifuani ndani ya blanketi, alingoja mumewe apige kelele.

"Motokaa haifungiwi dirisha," Gottlob alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Inakwenda kwenye mvua, kwenye theluji. Kama hizi hazistahimili hewa ya jikoni kwetu..." Akamtazama binti yake. "Nimemnyima huyu pumzi nikilea kitu kibovu."

"Utamwambia nini Häberle?"

"Hivyohivyo."

"Atakufukuza."

"Atanifukuza." Aliigeuza plagi moja chini ya taa, akachukua nyingine, akailinganisha nayo. "Lakini tazama, kosa lao ni moja. Zote zimeanza kupasuka hapa shingoni, chini ya pete. Zote."

Akavaa koti, akazitia mfukoni. Rosine alitazama kabatini: kipande cha mkate mweusi, basi. Kifuani pake blanketi lilitikisika.

"Mama, nina njaa," Ottilie akasema.