Picha ya Kuaga

Dada mtu alikuwa akifunga mabegi hotelini, amefura kwa hasira. Mdogo wake, aliyekuja nchi ya watu kupunguzwa tumbo kwa upasuaji, alikuwa amejiegemeza kitandani, mguu mmoja umevimba kama gogo.

Dalali aliyewaleta akaingia na simu mkononi, akamgeukia mgonjwa.

“Dada, simama hapa penye mwanga, ucheke kidogo. Picha moja tu ya wateja, halafu tuwahi ndege.”

“Asimame na mguu gani?” dada mtu alimkatiza. “Daktari yuko wapi? Tangu ampasue hajamtia machoni.”

“Atamwona kwa simu mkishafika kwenu.”

“Na tusipofika? Mguu kama huu unaweza kumuua ndegeni.”

Dalali akacheka. Hapo ndipo alipoyatafuta.

“Ungekuwa mguu wa mama yako, ungecheka?” Dada mtu alilifunua shuka, kisha akauinua mfuko wa plastiki uliojaa damu iliyokuwa ikitoka kwa mrija kwenye kidonda cha tumbo. “Haya, si umetaka picha? Piga! Wateja wako waone!”

Dalali akaisokomeza simu mfukoni haraka.

“Itoe,” alisema dada mtu, akisimama mlangoni. “Uite ambulensi.”